Gari Gani Inachagua Kona?

Wengi wetu hapa chuoni hatuna gari, lakini wengi tunasomeshwa na gari. Kuna anayelipiwa ada na bajaji ya baba, kuna wa Noah ya mjomba, kuna wa bodaboda ya kaka yake. Bodi ya Mikopo inachangia kwa kadiri yake, bumu linaingia siku linapoingia, lakini pengo linalobaki kila muhula linazibwa na kitu chenye magurudumu ambacho muda huu kiko barabarani, wakati wewe uko kwenye kipindi. Mimi nasomeshwa na Toyota IST ya mama. Iko kwenye teksi za mtandao hapa Dar, na anayeiendesha ni kijana wa mtaani kwetu ambaye tangu zamani namwita Kaka. Kila Jumapili jioni analeta hesabu, Sh. 150,000. Humo ndani ipo kodi ya chumba changu, na vikichelewa vingine vyote, kipo pia chakula.

Kwa hiyo mwezi wa nne, gari lilipoanza kulia mguu wa mbele, kwangu hiyo haikuwa habari ya mafundi peke yao.

Niseme kwanza kuhusu huo mguu. Kwa lugha ya gereji za Dar, gari lina miguu. Shokapu, springi, bushi, bolijointi, tairodi, stebilaiza linki, beringi, vyote kwa pamoja ni miguu, na gari likipiga kelele upande wa chini wanasema "linalia miguu". Ni msemo mzuri, ila ni mpana mno. Ndani yake mna vitu zaidi ya kumi vinavyoweza kulia, na ukivisikiliza mara moja tu, vingi vinafanana.

Kaka alileta taarifa yake pamoja na hesabu ya Jumapili. Alisema, "Mama, gari inalia mguu wa mbele kushoto. Ikifika spidi hamsini hivi inaanza kuvuma. Nikikata kona ya kulia inazidi, nikikata ya kushoto inanyamaza."

Mama akamwangalia. "Gari gani inachagua kona?"

Mama yangu si mtu mgumu, lakini kabla ya Kaka alishapitia madereva wawili. Mmoja, kila wiki ya kuleta hesabu ilikuwa na pancha. Katika biashara hii kelele ya gari ni kisingizio kinachojulikana: gari bovu, basi wiki hii hakuna hela. Likipelekwa kwa fundi, bei ya spea inaongezwa cha juu, na dereva na fundi wanagawana. Mwenye gari yuko nyumbani, hajui bolijointi inafananaje, na kazi yake ni kutoa hela tu.

Akalipeleka kwenye gereji moja aliyoelekezwa na jirani. Huko fundi aliliendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, hakulipiga jeki, akachukua karatasi na kuandika: shokapu za mbele mbili, bolijointi mbili, draivu shafti ya kushoto, beringi mbili, na ufundi. Jumla Sh. 780,000. Mama aliisoma ile karatasi mara tatu. Alipomaliza alikuwa ameshaamua kwamba hao wawili wanajuana. Akampigia Kaka simu, kwa upole wa watu wazima ambao ni mbaya kuliko ukali: "Mwanangu, Jumapili nileteee na funguo."

Mimi nilipata habari Alhamisi usiku. Nikamwomba mama anipe mpaka hiyo hiyo Jumapili.

Nasoma ualimu, fizikia na hisabati, mwaka wa tatu. Kufungua gari sijui. Lakini kuna kitu tumekariri maabara mpaka kimetuingia kwenye damu: kama hujui kinachosababisha jambo, badilisha kitu kimoja, acha vingine vyote kama vilivyo, halafu tazama. Ile karatasi ya gereji ilikuwa kinyume chake. Ilitaka tubadilishe vyote kwa mpigo.

Jumamosi asubuhi Kaka alinifuata getini. Tulianza na kelele yenyewe, maana kuisikiliza ni bure.

Swali la kwanza lilikuwa: kelele inafuata nini? Gari likiwa limesimama, Kaka alikanyaga mafuta. Kimya. Tukatafuta barabara isiyo na magari, spidi ikafika 50, na mvumo ukaja, mzito, kama lori liko mbali linapanda mlima. Akaachia mafuta, akaweka nyutro kwa sekunde chache. Mvumo ukaendelea vilevile, ukapungua tu kadiri gari lenyewe lilivyopungua mwendo. Hapo injini na gia vikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Akagusa breki taratibu, sauti haikubadilika. Pedi za breki zikapoteza nafasi, maana pedi iliyokwisha hupiga kelele kali ya chuma juu ya chuma, na kwa kawaida hubadilika ukikanyaga. Tukapita juu ya matuta madogo: hakuna kinachogonga. Bolijointi au stebilaiza linki ikichoka, mara nyingi ndipo inaposema, ko-ko, kwenye mashimo na matuta. Mwisho tukaingia uwanja wa wazi, Kaka akakata usukani mpaka mwisho na kwenda polepole huku akitia mafuta, kulia kisha kushoto. Draivu shafti iliyochoka ingetoa tik-tik-tik hapo. Haikutoa.

Kisha nikatoa simu nikapiga hesabu, safari hii ya darasani. Tairi zetu zimeandikwa 185/65 R15. Maana yake upana ni milimita 185, ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya huo upana, na rimu ni inchi 15. Ukijumlisha unapata kipenyo cha sentimita 62, na mzingo wa karibu mita 1.95. Gari likienda kilomita 20 kwa saa linasogea mita 5.6 kila sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka karibu mara 3 kwa sekunde. Basi, kama ni jiwe limenasa kwenye kashata za tairi, litagonga lami mara moja kila mzunguko, na utahesabu kama mara 28 ndani ya sekunde 10. Tulikwenda spidi 20, madirisha wazi, nikahesabu. Hapakuwa na cha kuhesabu. Ulikuwa mvumo mfululizo, hauna mapigo. Kinacholia hivyo kinagusana na mwenzake mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja.

Wakabaki watuhumiwa wawili, tairi lenyewe na beringi. Tairi lililolika vibaya linaweza kuvuma hivyohivyo na kudanganya hata fundi mzoefu. Lakini tairi ukilihamisha, linahama na kelele yake. Kaka akatoa jeki na spana, tukalitoa la mbele kushoto tukalipeleka nyuma, la nyuma tukalileta mbele. Gharama yake ilikuwa jasho na mikono michafu. Tukaondoka tena, na mvumo ukabaki palepale, chini ya miguu yangu, mbele kushoto.

Ndipo Kaka aliponipeleka kwenye kipilefti. Hakueleza kitu, alianza tu kuzunguka. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo ndani ya kipilefti gari linakata kulia muda wote. Mvumo ukapanda mpaka nikausikia kwenye nyayo. Tukatoka kwa kukata kushoto, ukafa. Tukarudi tena, na tena, mara tatu, mpaka muuza mahindi ya kuchoma akadhani tumepotea njia. Mara zote tatu ilikuwa vilevile: kulia inalia, kushoto inanyamaza. Neno kwa neno kama alivyosema kwa mama.

Kutoka hapo tukaenda Sinza, kwa mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Sijui kama kuna kibao. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na badala ya kuuliza gari lina nini, akauliza, "Inasemaje?"

Akawa na maswali, na yalikuwa na mpangilio. Inalia spidi gani? Ilianza ghafla au polepole? Kuna shimo mliingia? Mlipita kwenye maji? Hapo Kaka akakumbuka kwamba wiki moja kabla ya kelele kuanza, mvua za masika zilimkuta na abiria, akapita kwenye maji yaliyofika nusu ya rimu. Mzee akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia kwamba mgonjwa alikunywa maji ya kisima. Beringi imefungwa na grisi yake ndani, na mpira unaoizuia ukichoka, maji na mchanga vikiingia havitoki.

Aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akapiga jeki, halafu kabla ya kugusa kitu akasimamisha stendi ya chuma chini ya bodi. "Jeki inainua," alisema, "haishiki." Mwenye masikio ya kusikia na asikie: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Akaniambia nilishike tairi, mkono mmoja saa sita, mwingine saa kumi na mbili, nivute na kusukuma. Ukihesabu kwa saa ya Kiswahili au ya Kizungu, mikono inakaa palepale, juu na chini. Tairi likacheza kidogo sana, karibu usione, ila mkono unasikia. Hapo ndipo gereji nyingi zingesema bolijointi, maana ikichoka nayo huchezesha tairi hivyo. Mzee akamwambia Kaka aingie ndani akanyage breki na kushikilia. Nikavuta tena. Mchezo wote ukaisha.

Nilimwomba anieleze kwa nini. Akasema breki ikikanyagwa inabana diski kwenye kile chuma kilichobeba beringi, vinakuwa kitu kimoja, hivyo uwazi ulioko ndani ya beringi hauwezi kuonekana tena. Bolijointi iko nje ya huo mbano. Ingekuwa ndiyo mbovu, tairi lingeendelea kucheza hata breki ikikanyagwa.

Jaribio la mwisho ndilo nitakalolikumbuka. Gia ikiwa nyutro, aliniambia niweke vidole nje ya springi ya upande mzima, yeye akazungusha tairi kwa mkono. Ilikuwa kama kushika ukuta. Tukahamia kushoto. Alipozungusha, nilisikia kwenye vidole kitu kama mchanga unaosagwa, mdogo na mfululizo. Masikio hayakusikia chochote. Springi ndiyo iliyokuwa ikipeleka habari.

Beringi Sh. 65,000, presi Sh. 15,000, ufundi Sh. 35,000. Jumla Sh. 115,000. Ya presi nilitaka kuipunguza, mzee akakataa kata kata. Beringi ya mbele ya gari kama letu inaingia kwa kubana, na ukiipiga nyundo, nguvu inapita kwenye vigololi vilivyomo ndani na kuacha alama kwenye njia yake. Inakuwa mpya dukani, mbovu mguuni, na baada ya muda mfupi inaanza kulia tena. Halafu anayelaumiwa ni dereva.

Jumapili jioni Kaka alifika na hesabu na funguo, kama alivyoambiwa. Niliweka mezani beringi ya zamani na risiti tatu, nikamzungushia mama ile beringi sikioni. Hiyo alielewa mara moja. Kilichobaki ni swali lake: gari gani inachagua kona?

Nikamuuliza, mama, ukiwa umesimama kwenye daladala, dereva akikata kona ya kulia kwa kasi, mnalalia upande gani? Akasema kushoto, na anayekaa kushoto anabanwa. Basi gari nalo ni hivyo. Likikata kulia, uzito unahamia magurudumu ya kushoto. Beringi ya kushoto, ambayo ni mbovu, inabebeshwa mzigo zaidi na inalia zaidi. Likikata kushoto, mzigo unaihama na inapata nafuu. Mama alinyamaza kidogo. Akasema, "Kumbe ana mwiba kwenye unyayo. Akiuegemea mguu wenye mwiba analia, akiegemea mwingine anatulia." Nimesoma vitabu kadhaa vya mekanika, sijaona mfano bora.

Hakumwomba Kaka radhi kwa maneno, na Kaka hakungoja. Alisukuma funguo zikarudi upande wa pili wa meza, akasema, "Wiki hii leta nusu, siku mbili gari ilikuwa imelala." Kisha akauliza kama amekula.

Nimeifikiria sana ile karatasi ya Sh. 780,000, na sitaki kumwita yule fundi mwizi. Ukiisoma vizuri, jibu sahihi lilikuwemo, beringi, karibu na mwisho. Ni kama mtu aliyepewa swali la kuchagua akaweka tiki A, B, C na D. Huwezi kusema amekosa, lakini huwezi pia kusema anajua. Ila mtihani huo analipia mwenye gari, na kwetu nusura alipie dereva.

Kinachonisumbua zaidi ni ile sentensi ya Kaka. Habari ya kona ndiyo iliyomfanya aonekane mwongo, na ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ushahidi mkubwa kuliko wote. Ingetosha yenyewe kumwelekeza fundi makini kwenye beringi ya kushoto. Kaka angetaka kutudanganya angesema gari limegoma kuwaka. Anayetunga anatafuta kitu kinachoaminika. Ni mtu anayekaa na gari masaa kumi na mawili kwa siku ndiye anayekuja na habari ya ajabu kama hiyo, kwa sababu hakuibuni, aliisikia.

Sasa hapa chuoni nayasikiliza malalamiko kwa sikio jingine. Mtu akisema maji ya ghorofa ya tatu yanakatika kuanzia saa mbili usiku tu, tunacheka: maji gani yanajua saa? Mwingine anasema matokeo yake hayaonekani kwa somo moja tu, lile alilohamia wiki ya tatu, na anaambiwa arudi kesho. Lakini hilo "tu" ndilo lenye habari. Saa mbili usiku ndipo wa ghorofa za chini wote wanapooga. Wiki ya tatu huenda ndipo orodha ya majina ilipofungwa. Huenda siyo pia, lakini linapimika kabla ya kuamua nani ni mwongo. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, mkipokea lalamiko, andikeni na ile sehemu inayochekesha.

Na wewe unayesomeshwa na gari, siku ukipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba linalia, muulize anayeliendesha mambo manne kabla hujauliza bei. Inalia mwendo gani? Inabadilika kwenye kona, kwenye breki, au kwenye matuta? Ni mapigo au ni mvumo? Ilianza lini, na siku chache kabla yake kulitokea nini? Kama inagonga kwenye matuta na usukani umelegea, mwambie asimamishe gari hapo hapo alipo, maana bolijointi ikichomoka tairi linakunjika, na hapo hatuzungumzii tena ada. Kama ni mvumo kama wetu, asiuache, beringi mbovu haiponi yenyewe. Kisha mtafutie fundi ambaye kabla ya kuandika karatasi, anapiga jeki.